Gari Lililoshusha Pumzi

Ukungu ulikuwa bado umelala uani mwa karakana Inspekta alipofika. Ulikuwa umejaa kati ya kuta tatu za matofali, umefunika magogo na mbao zilizopangwa, na kuacha wazi paa tu la pikapu nyeupe, mithili ya mgongo wa ng'ombe aliyelala. Vumbi la mbao lililolowa lilinukia. Hakuna mashine iliyokuwa ikilia. Tangu seremala mkuu afariki, siku kumi na mbili zilizopita, kazi zilikuwa zimesimama, na mdogo wake alikuwa mahabusu.

Inspekta hakuharakisha. Kituoni walimwita Kobe, jina alilolijua na ambalo hakuwahi kulikataza. Alitembea taratibu hadi ukutani, kwenye alama ya chaki iliyoanza kufutwa na unyevu, mahali seremala alipobanwa na gari lake mwenyewe. Akageuka, akaegemeza mgongo ukutani kama alivyoegemea yule marehemu, akalitazama gari. Hatua tatu. Hatua tatu tu, na uwanja wenyewe umelala sawa kama meza.

Faili lilikuwa jembamba. Asubuhi ya tukio, ndugu hao wawili walikuwa wametoka kiwanda cha mbao na pikapu. Walipofika uani walipakia kabati la mteja. Mdogo mtu, ambaye ndiye aliyekuwa dereva, akaingia ndani kutafuta kamba, akaacha injini inawaka kwa kuwa betri ilikuwa mbovu. Gari likarudi nyuma, likambana kaka yake. Dereva aliapa kuwa aliweka gia kwenye P, ile ya kuegesha, na kuwa hakuwemo garini. Lakini mjane, alipotoka mbio kufuata ukelele, alimkuta shemeji yake mlangoni mwa dereva, mkono umeingia dirishani. Na jana yake alimsikia kwa masikio yake akimwambia kaka yake kwa sauti ya juu: "Hili gari litakuua."

Maneno hayo matatu ndiyo yaliyomfunga. Na aliyetia saini hati ya kumkamata alikuwa Inspekta mwenyewe.

Fundi wa giaboksi aliingia akikokota mkokoteni wa vyuma, betri ya kuazima ikiwa juu yake. Watu walimwita Klachi, kwa mzaha, kwa sababu maisha yake yote ametengeneza magari ya otomatiki, ambayo hayana pedali ya klachi. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, afande. Nimeitwa kama shahidi au kama mshtakiwa?"

"Umeitwa kama fundi. Mengine yatajulikana. Giaboksi hii uliifunga wewe?"

"Miezi miwili iliyopita. Ile yake ya kuzaliwa nayo ilichoka, ikawa inateleza, injini inalia gari halisogei. Nikamtafutia nyingine, imetoka kwenye gari la miaka ya mbele kidogo. Zinaingiliana."

"Zinaingiliana kabisa?"

"Boliti zote ziliingia," alisema Klachi, akageuka kutafuta jeki.

Inspekta aliandika kwenye daftari lake: boliti zote ziliingia. Akapigia mstari. Hakuuliza zaidi.

Walianza na breki ya mkono, kwa sababu ripoti ya kwanza ilisema waya wake umekatwa. Klachi alilala chali chini ya gari, akautoa ule waya, akampa Inspekta miisho yake miwili. Inspekta aliisogeza karibu na macho. Nyuzi zilikuwa zimekatika moja moja, kila moja kwa wakati wake, na zote zimeota kutu hadi kwenye ncha.

"Kisu hakijapita hapa," alisema.

"Kisu wapi! Hii ilikufa zamani. Marehemu alikuwa akiegesha kwa gia peke yake, kama nusu ya mji huu."

Wakahamia kwenye mafuta ya giaboksi. Klachi alivuta kijiti cha kupimia, akakifuta kwenye kitambaa cheupe: mafuta mekundu, safi, hayanuki kuungua. Kiwango sawa. Kisha wakapanga magunia sita ya vumbi la mbao mbele ya ukuta, pale aliposimama seremala, wakaweka vigingi vya mbao vya kuzuia magurudumu yasivuke hapo. Injini ikawashwa. Klachi akasukuma gia kwenye P, akashuka, akafunga mlango polepole kama mtu anayemfungia mtoto aliyelala.

Dakika tano. Kumi. Ishirini. Injini ilikuwa ikivuma kwa sauti moja, moshi wake ukichanganyika na ukungu hata usijue kipi ni kipi. Gari halikusogea hata upana wa ukucha.

"Umeona?" alisema Klachi, na mabega yake yakashuka. "Giaboksi yangu haina kosa."

Mlangoni pa karakana alikuwa amesimama mjane, mtandio mweusi umemfunika hadi kifuani. Hakuna aliyemwona alipofika.

"Mmeridhika, afande?" aliuliza. "Gari halitembei bila mtu. Na mtu mnaye."

"Bado, mama," alisema Inspekta. "Naomba uvumilie kidogo."

Mjane alikaa kwenye kiti kisicho na mgongo, mikono mapajani, akaendelea kutazama.

*

Ng'ambo ya kichochoro, juu ya ngazi nyembamba, alikuwa akiishi fundi cherehani, mwanamke mwembamba mwenye tepu ya kupimia shingoni. Chumba chake kilijaa magauni yaliyotundikwa kwenye kamba, na upepo wa dirishani uliyafanya yageuke na kurudi, yageuke na kurudi, kama watu wanaosikiliza kitu usingizini. Dirisha lilitazama moja kwa moja uwanja wa seremala.

"Nilishawaambia askari wako," alisema bila kuacha kushona. "Sikuona kitu. Siku ile kioo kilikuwa na ukungu mtupu."

"Ulisikia nini?"

Mashine ilisimama. "Hilo hawakuniuliza."

"Mimi nakuuliza, dada."

Fundi cherehani alifumba macho. "Kwanza nilisikia paa! Kama mlango wa bati umefungwa kwa nguvu. Halafu gari likashusha pumzi."

"Likashusha pumzi?"

"Lilikuwa linaimba hivi, mmm, tangu waliporudi. Baada ya ile paa, likaimba chini zaidi. Mmm." Alitoa sauti nzito, ya kifuani. "Kama mtu aliyetwishwa kitu kichwani. Halafu ndipo nikasikia ukelele."

"Halikunguruma? Halikupaza sauti kabla ya ukelele?"

"Afande, mimi mguu wangu uko kwenye pedali asubuhi hadi jioni. Naijua sauti ya chombo kilichokanyagwa, na naijua ya chombo kilichoachiwa. Lile halikukanyagwa na mtu."

"Una hakika paa ilitangulia?"

"Nilishtuka nikajichoma sindano." Alinyoosha kidole cha shahada. Alama ilikuwa imeshapona, ila bado ilionekana. "Nilikuwa nanyonya damu gari liliposhusha sauti."

Inspekta aliteremka ngazi moja baada ya nyingine, mkono kwenye ukuta. Mtu akitaka kumgonga mwenzake kwa gari atakanyaga mafuta, na injini itapaza sauti. Hii ilishusha. Injini hushusha sauti pale gia inapoikamata na hakuna anayeiongezea mafuta. Na ile paa? Nyuma ya pikapu kuna mlango wa kupakilia mizigo. Haufungwi kwa upole, hufungwa kwa kishindo. Anayeufunga huwa amesimama mahali pamoja tu: nyuma ya gari.

Alipofika uani alimkuta Klachi ameanza kukusanya vyuma vyake.

"Weka chini, fundi. Siku ile gari halikuwa limelala usiku kucha likaamshwa hapa. Lilikuwa limetoka kiwanda cha mbao. Twende kiwandani turudi."

"Saa nzima hiyo, afande!"

"Basi tuondoke sasa."

*

Barabara ya kiwandani ilipita kati ya mashamba yaliyofunikwa na ukungu, na miti ya kandoni ilikuwa ikijitokeza mmoja mmoja, ikapita, ikafutika. Klachi aliendesha. Inspekta aliweka kiganja chake juu ya mkono wa gia, akakiacha hapo. Walipokuwa wakienda, ulikuwa umetulia. Walipogeuza kiwandani na kuanza kurudi, ulianza kutetemeka. Kadiri injini ilivyopata moto ndivyo ulivyozidi kucheza mkononi mwake, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka.

"Unacheza," alisema.

Klachi alitazama mbele.

"Fundi. Boliti zote ziliingia. Nini hakikuingia?"

Walipita mti, na mti mwingine. Klachi alipunguza mwendo mpaka gari likawa linatambaa.

"Tundu," alisema hatimaye. "Kebo ya gia ina pini mwishoni. Pini inaingia kwenye tundu la mkono wa giaboksi, kule chini. Giaboksi hii tundu lake ni kubwa. Inatakiwa bushi, kijipete cha plastiki, ili pini isicheze. Sikuwa nacho. Nikaifunga kwa waya, nikamwambia aje Jumatatu."

"Akaja?"

"Hakuja. Nikampigia simu, akasema, 'Usihangaike, nimeshapata bushi, gia zinaingia kama siagi.' Nikaona basi, amepata. Sikwenda kuangalia. Ilikuwa kazi yangu kwenda kuangalia."

"Hayo utayaandika kwa mkono wako."

"Nitayaandika, afande. Siku kumi na mbili sijalala vizuri."

Uani, kila kitu kilirudishwa kama asubuhi ile. Kwa kuwa kabati lilikuwa limeondolewa, walipakia mbao nzito badala yake. Gia ikawekwa kwenye P, mlango wa dereva ukafungwa, gari likaachwa peke yake likivuma. Mjane alikuwa bado amekaa pale pale. Inspekta alisimama ubavuni, mbali na njia ya magurudumu, akaushika mlango wa nyuma kwa pembe yake, akauinua, akaubamiza.

Paa!

Kwa muda wa pumzi mbili hakukuwa na kitu. Kisha sauti ya injini ikateremka, nzito, ya kifuani. Ghorofani, kwenye dirisha la magauni, cherehani ilinyamaza. Na gari likaanza kurudi nyuma, bila haraka, bila mtu, kama mtu anayetembea usingizini, likaenda hatua tatu, likayakandamiza magunia ukutani. Gunia moja lilipasuka. Vumbi la mbao liliruka juu, likatanda uani, jepesi, la rangi ya dhahabu, likawa linawashukia wote vichwani polepole.

Klachi alikimbia hadi mlango wa dereva, akaingiza mkono dirishani, akazima injini.

Mjane alisimama. Alikuwa anamtazama Klachi, ule mkono wake ulioingia dirishani hadi kwenye bega. Alimtazama hivyo kwa muda mrefu.

"Alikuwa anazima," alisema. "Shemeji. Alikuwa anazima."

"Ndiyo, mama," alisema Inspekta.

*

Klachi aliingia tena chini ya gari. Alisema kutoka humo humo, sauti yake ikigonga vyuma: "Juu panasema P, afande, lakini huku chini mkono umekaa ukingoni, kati ya P na gia ya kurudi nyuma. Ukitikiswa kidogo tu unateremkia kurudi nyuma. Ngoja niitoe hii bushi... Hii si plastiki."

Alijitoa, akakaa, akafungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na kijipete cha mti mgumu, kidogo kama kitufe cha koti, cheusi kwa grisi upande mmoja. Aliufuta upande wa pili kwa kidole gumba, na mti ukaonyesha wekundu wake. Ulikuwa umekerezwa kwa mashine, duara safi, kingo zake zimelainishwa hata hazikukwaruza ngozi. Ila tundu la katikati lilikuwa limelika, limekuwa na umbo la yai.

"Iko karibu na bomba la moshi," alisema Klachi. "Gari likiwa baridi, unyevu unaijaza, inakaza. Gari likipata moto, mti unakauka, unasinyaa, pini inacheza. Ndiyo maana mara ya kwanza hatukuona kitu."

Inspekta aliichukua kwa kitambaa. "Imetengenezwa hapa. Nani anakereza katika karakana hii?"

Aliuliza bila kuinua macho, kwa desturi ya kazi, na jibu lilipochelewa ndipo alipoinua. Klachi alikuwa ameinamisha kichwa. Mjane alikuwa amesogea hadi karibu yao, mtandio umemwangukia mabegani, vumbi la mbao limemkaa kwenye nywele.

"Nipe niione," alisema.

"Ni kielelezo, mama. Itazame hapa hapa."

Mjane aliinama. Hakuigusa. Alisogeza kidole chake juu ya ile duara, hewani, akiufuata mzunguko wake.

"Wanaume wa hapa wanakata na kupigilia misumari," alisema. "Mashine ya kukereza ni yangu. Miguu yote ya viti, vitasa vyote vya makabati, ni mimi. Aliniletea kipimo kwenye karatasi. Akaniambia, 'Mke wangu, nikerezee kijipete, lakini kiwe kizuri, usinipe cha kulipua.' Nikamuuliza ni cha nini, akasema ni cha mlango. Nilikilainisha kwa msasa mara tatu. Alicheka, akasema nimekitengeneza kama cha kuvaa kidoleni."

Klachi alitoa kofia yake.

"Mama," alisema Inspekta, "hukujua. Sheria haina neno na wewe."

"Sikuulizi habari za sheria, afande. Nipeleke kituoni. Kuna maneno yangu kwenye faili lako, na hayo nataka kuyaondoa mwenyewe, kwa mdomo huu huu."

*

Kituoni Inspekta aliandika maelezo mapya kwa mkono, taratibu, kwa namna iliyowafanya wenzake wamwite Kobe. Alipofika mahali pa bushi aliandika kwamba ilitengenezwa karakanani kwa ombi la marehemu. Mjane alimwomba amsomee. Aliposikia hivyo, alitikisa kichwa.

"Andika jina langu. Andika nimeikereza mimi."

"Si lazima, mama."

"Huyu mtoto wa watu amekaa siku kumi na mbili kwenye saruji kwa sababu yangu. Andika."

Inspekta aliandika. Chini yake, kwa mwandiko ule ule, aliongeza kwamba mtuhumiwa alikamatwa kwa amri yake mwenyewe, kabla gari halijakaguliwa na fundi. Akatia saini. Mjane naye akatia saini.

Walimleta mdogo wa marehemu mchana, ukungu ukiwa umeshaondoka na jua likiwa limeingia hadi katikati ya chumba. Alikuwa amekonda, ndevu zimemwota ovyo, viatu havina kamba. Alipomwona shemeji yake alisimama mlangoni, hakuingia wala hakurudi.

"Uko huru," alisema Inspekta. "Ni gari. Gia haikukaa pale ulipoiweka. Kosa si lako."

Kijana aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa jambo alilolijua peke yake kwa muda mrefu mno. Kisha akamgeukia mjane.

"Nilimwambia litamuua," alisema. "Nilimsihi aliuze, akakataa. Nikapandisha sauti. Hilo tu ndilo linaloniuma, shemeji, kwamba mara ya mwisho nilipandisha sauti."

"Najua. Nilisikia maneno, sikusikia maana." Mjane alishika ukingo wa meza. "Kuna jambo lazima ulisikie kwangu, usije ukalisikia mtaani. Gia ilicheza kwa sababu ya bushi. Bushi ilikuwa ya mti. Niliikereza mimi. Aliniambia ni ya mlango."

Kijana alimtazama. Nje, mtu alipita akisukuma baiskeli, mnyororo wake ukilia.

"Mimi aliniambia ameinunua dukani," alisema hatimaye.

"Alitudanganya wote wawili."

"Alijua ningemkataza. Nawe ungemkataza."

"Ningemkataza," alisema mjane.

Kijana aliisogelea meza. Kile kijipete kilikuwa ndani ya mfuko mdogo wa plastiki wenye namba ya kesi. Alimtazama Inspekta kwa macho ya kuomba ruhusa, naye Inspekta akausukuma mfuko kuelekea kwake. Aliuinua hadi kwenye mwanga wa dirisha, akaugeuza huku na huku, kwa jicho la mtu aliyelelewa kati ya mbao, akiangalia duara, akiangalia kingo.

"Ni kazi nzuri," alisema, akaugeuza tena. "Ni kazi nzuri sana hii, shemeji."

Mjane, ambaye hakulia mazikoni wala siku yoyote baada ya hapo, alifunika uso wake kwa mikono miwili na kulia. Shemeji yake alivuta kiti, akakaa kando yake. Inspekta alilifunga faili, akatoka, akawaachia chumba.